Mkasi wa Watu Waliochoka

Mume wangu alipoanza kurudi nyumbani saa nne asubuhi, nilijua jikoni kwangu hakutakuwa na amani tena.

Mtu aliyekuwa fundi wa bati maisha yake yote, mikono yake haijui kukaa bure. Mara ya kwanza alikaa kwenye kiti cha mlangoni akatazama ukuta. Kesho yake akaingia jikoni akatazama sufuria. Nikasema moyoni, haya. Jioni nilipotoka kuteka maji nikakuta sufuria zangu zote zimetundikwa ukutani kwa misumari, kubwa juu mpaka ndogo chini, kama wanafunzi waliopangwa mstari. Ile ninayopikia kila siku ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo iko juu kabisa. Na mimi ni mtu mfupi.

"Sasa hii nitaifikiaje?" nikamuuliza.

"Panda kigoda."

"Kigoda kiko wapi?"

"Nimekitoa miguu. Kilikuwa kinayumba."

Basi. Akatoboa matundu kwenye mfuniko wa sufuria ya pili, anasema mvuke upate njia. Akazungushia rafu yangu ukingo wa bati, na kila nikinyoosha mkono kuchukua chumvi ule ukingo unanisalimia. Halafu akaja na wazo la kuhamisha meko. Alisema meko yangu yako ukuta usiofaa. Nimepikia ukuta ule watoto wote wakakua, wajukuu wakaanza kuja, leo ndiyo haufai. Akachora alama za mkaa kwenye ukuta wa pili, na kabla sijasema neno akawa ameshatoboa tundu la kupitisha bomba la moshi. Tundu lenyewe kubwa kiasi cha kuingiza kichwa cha paka. Najua hivyo kwa sababu paka wa jirani alikiingiza.

Sikumkasirikia. Mimi ni mtu wa kungoja. Watu wengi hudhani sina neno, kumbe neno ninalo, nimelikalia tu. Na sababu ya haya yote nilikuwa naijua, ingawa yeye hakuwahi kuitaja. Ni mkono wake wa kulia.

Mtu huwezi kuishi na mtu miaka yote hiyo usijue mkono wake. Asubuhi alikuwa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama anayeota moto, na huku nje joto. Mashati yenye vifungo aliacha kuyavaa, akawa anavaa yale ya kupitisha kichwani. Na kule karakana, kwa maneno ya dada yake, alikuwa anashika mkasi, anakata kidogo, anauweka chini, anasema umekuwa butu. Anakaa ananoa. Ukishakuwa mkali, saa ya kurudi nyumbani imefika. Alinoa mkasi ule mpaka ukaanza kukonda.

Mkasi wenyewe ni chuma kitupu, mweusi, mzito kama dhambi, alirithi kwa mwalimu wake aliyemfundisha kazi. Mipini yake imezungushiwa mpira wa tairi. Hauna springi, hauna chochote; ukitaka ufunguke ni wewe ufungue vidole kama unataka kushika boga, ukitaka ufunge ni wewe ukaze mpaka mishipa ya shingo. Kijana wa miaka ishirini sawa. Mzee wangu ujana wake ameshautumia, tena vizuri.

Sasa kulikuwa na kazi moja. Mwoka mikate wa mtaa wetu, kofia ya bomba la moshi la tanuri lake ilichukuliwa na upepo. Akaleta bati jipya kwa mume wangu amtengenezee nyingine kabla mvua hazijaanza, maana maji yakiingia bombani yanashuka moja kwa moja kwenye moto, na moto ukizimika mtaa mzima unaamka hauna mkate. Kofia hiyo si kazi kubwa. Unakata duara, unalitoa kipande kama cha keki, unakunja pembeni ukaunganisha, linasimama kama paa la kibanda. Zamani mzee wangu alikuwa anaitengeneza huku anazungumza siasa. Sasa bati lilikuwa limeegemezwa ukutani karakana, na mwoka mikate anapita kila siku na unga wake kwenye nyusi.

"Mzee, kofia yangu vipi?"

"Inakuja."

"Inatoka wapi huko mbali, mbona haifiki?"

Jioni moja, tumemaliza kula, mume wangu akaniambia, "Kazi ya mwoka mikate ikinishinda, nafunga karakana. Nitakuwa hapa nyumbani tu, nikusaidie."

Alilisema kama mzaha. Lakini neno nikusaidie lilinitoa jasho. Halafu nikaangalia mikono yake, nikaona ameikalia, yote miwili, chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Hapo hamu ya kucheka ikaniisha.

"Nunua mkasi mpya," nikasema. "Kuna ile yenye springi, inajifungua yenyewe."

"Ile ni mikasi ya watu waliochoka."

"Kwani wewe hujachoka?"

"Mimi? Umechoka mkasi."

"Basi si ndio ununuliwe mwingine."

Akanywa chai yake yote, kwa mikono miwili.

Nikaamua nitanunua mimi. Ila mkasi si kama sabuni, kwamba yoyote inatoa povu. Nikajiuliza, huyu mtu anashindwa nini hasa, kufunga mkono au kuufungua? Nikaanza kumchunguza. Kufunga alikuwa anaweza; mlango anaushika, nyundo anaishika. Shida ilikuwa kufungua. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vinafunguka nusu tu, kama mlango uliowekewa kabati nyuma. Kwa hiyo mkasi wenye mipini iliyoachana sana haufai, hata uwe mzuri namna gani. Nikahitaji kipimo.

Nikaazima futi kwa wifi yangu. Wifi ni dada yake mzee wangu, fundi cherehani, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, kinatazamana na karakana ya kaka yake. Mchana mzee alipojinyoosha kulala, nikakaa pembeni, nikauchukua mkono wake taratibu, nikapitisha futi kutoka kidole gumba mpaka cha kati. Akafumbua jicho moja.

"Siku hizi jeneza linapimwa kuanzia mkononi?"

"Nakupima glavu."

"Za nini?"

"Za baridi."

"Baridi iko wapi?"

"Inakuja."

"Kama kofia ya mwoka mikate," akasema, akageukia ukutani. Lakini mkono aliniachia.

Mimi mambo ya tarakimu shule niliyaacha mapema, nikachukua uzi nikaufunga fundo mahali kipimo kilipoishia. Fundo halisahau. Nikamrudishia wifi futi yake, na kosa nililofanya ni kumwambia ninakwenda wapi.

"Twende wote," akasema, anavua miwani. "Mikasi ni kazi yangu."

"Wifi, wako ni wa nguo."

"Mkasi ni mkasi. Bati ni kitambaa kigumu tu. Na wewe nikikuacha uende peke yako utauziwa koleo."

Mwenye duka la vifaa la mtaani kwetu tunamwita Gusa Ununue. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake. Ana imani kwamba mali ikiguswa inapungua. Mikasi ya bati ilikuwa imetundikwa nyuma yake, imefungwa kwenye makaratasi magumu, mitatu mitatu: mipini myekundu, ya kijani na ya njano.

"Habari za kazi, baba. Naomba kuuona ule," nikamwambia.

"Si unauona, mama."

"Kuushika."

"Ukishika umenunua."

Wifi akatoa kitambaa chake cha mkono, akakitandika kwenye kiganja, akanyoosha. "Haya, nipe. Sitaugusa mimi, utaguswa na kitambaa."

Gusa Ununue akakitazama kitambaa, nafikiri hakuwahi kuombwa hivyo. Akautoa. Nikachukua uzi wangu, nikafungua mkasi, nikapima kati ya mpini na mpini. Fundo likakaa pale pale. Ule mkasi una viungo viwili badala ya kimoja, ukibonyeza kidogo mdomo unauma sana, na springi iko katikati inausukuma ufunguke wenyewe. Nikaubonyeza mara kadhaa, nikahisi kama namkamua mbuzi mpole. Nikasema moyoni, huu ndio.

"Rangi gani?" akauliza mwenye duka.

"Yoyote," nikasema.

"Hakuna yoyote. Mwekundu unakata ukikunja kwenda kushoto. Wa kijani unakunja kwenda kulia. Wa njano unakwenda moja kwa moja, haujui kona. Fundi wako anakata nini?"

"Duara."

"Basi anakunja kwenda wapi?"

"Kulia," nikasema.

"Kushoto," akasema wifi.

Tulisema kwa pamoja. Tukatazamana.

"Wifi, anakwenda kulia."

"Kushoto. Mimi namwona kila siku ya Mungu, cherehani yangu imemtazama yeye usoni."

"Na mimi nampelekea chai."

"Unaingilia mlango wa nyuma. Wewe unamwona mgongo."

"Mgongo wa mtu unajua anakokwenda."

"Mgongo wa kaka yangu haujawahi kujua kitu. Tazama," akasema, akasimama mbele yangu, akashika bati la hewa kwa mkono mmoja na mkasi wa hewa kwa mwingine. "Anaanza hapa, anakuja hivi, hivi, hivi."

"Hapana, anakwenda hivi," na mimi nikashika bati langu la hewa.

Tukawa tunazunguka pale dukani, bibi na bibi, kila mmoja anakata hewa yake. Mteja mmoja aliyekuja kununua misumari akarudi nyuma akasubiri nje. Mwishowe Gusa Ununue akagonga meza.

"Mama zangu, mnacheza muziki au mnanunua? Sikilizeni. Mafundi wote wanaoshika mkasi mkono wa kulia wanachukua mwekundu. Wote. Sijawahi kumwuzia fundi wa mtaa huu wa kijani. Hii ya kijani imekaa mpaka ina vumbi lake."

"Umesikia?" wifi akaniambia.

Walikuwa wawili, mimi mmoja. Isitoshe, mtu aliyemwona mtu usoni huwezi kumshinda kwa habari za mgongo. Tukatoka na mwekundu.

Sasa nitampaje? Nikimwambia nimekununulia, atasema hajachoka, mkasi utatundikwa ukutani kwa ukubwa wake kati ya sufuria. Nikafikiri kwa siku nzima. Kesho yake alipokaa mlangoni, mimi nikakaa chini jikoni karibu na lile tundu lake la bomba, nikachukua kipande cha bati chakavu nilichookota karakana, nikaanza kukikata kwa ule mkasi mwekundu. Sikujifanya sijui. Kweli sijui. Nilikata kama mbuzi anayekula gazeti.

Muda kidogo kiti cha mlangoni kikalia.

"Hiyo ni nini?"

"Naziba tundu lako. Paka anaingia."

"Na huo mkasi?"

"Wa jikoni kwangu."

Nikaendelea. Bati likapiga kelele ya kung'oa jino. Nikasikia anavuta pumzi.

"Unakata au unatafuna?"

"Nakata."

"Ukingo huo utamkata paka pua."

"Atajifunza."

Hakuvumilia. Najua mtu wangu. Anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia dada yake, lakini bati linaloteswa hawezi. Akaja akachuchumaa, akaninyang'anya kila kitu. Akachukua msumari na kamba, akachora duara safi katikati ya uharibifu wangu, akatia mkasi, akaanza. Na mimi nikawa natazama uso wake, sikutazama bati. Nilikuwa nangojea ile ngozi ya pembeni ya jicho ijikunje, kama inavyojikunja akifungua mlango wa kabati. Haikujikunja. Mkono ulikuwa unafunga na kufunguka, unafunga na kufunguka, na yeye mwenyewe hajui.

Ila mkasi ulikuwa unatoka nje ya mstari. Yeye anauvuta huku, wenyewe unakwenda kule. Alipomaliza, lile duara lilikuwa limekuwa na umbo la sikio. Sikio kubwa, la mtu mwenye udaku.

Alifurahi sana. Sikumwona amefurahi hivyo tangu aanze kukaa nyumbani.

"Umeona? Nilikwambia. Mkasi wa watu waliochoka, tena umelewa. Unanivuta kushoto. Mtu gani anayekwenda kushoto?"

"Mwenye duka anasema mafundi wote."

"Wamefundishwa vibaya."

"Na wewe ulifundishwaje?"

"Vizuri. Mwalimu wangu amekaa pale ulipokaa wewe, mimi hapa, meza katikati. Sikuondoa macho kwenye mikono yake. Ukienda huku mkono wake, na mimi wangu huku." Akanionyesha, mkono wake wa kulia ukielea kwenda kulia kwake.

Nikatazama. Nilikuwa nimekaa pale alipokaa mwalimu. Mkono wake uliokuwa unakwenda kulia kwake ulikuwa unakuja kushoto kwangu. Nikanyoosha wangu nikaufuatisha, polepole, na nikaona jambo lote kama mtu aliyewashiwa taa. Marehemu mwalimu wake alikuwa anakwenda kushoto kama mafundi wote wa dunia. Huyu akakaa mbele yake, akauona mkono unakwenda upande wa kulia kwake, akauiga hivyo hivyo, na amekata kinyume mpaka meno yameng'oka. Na dada yake naye, ng'ambo ya barabara, amekaa mbele ya kaka yake akamwona vilevile kwa kinyume. Ni ukoo mzima. Wanaangalia kila kitu kwa umakini mkubwa, kutoka upande usio wake.

Sikumwambia. Mtu amejenga maisha yake juu ya kitu, wewe unakuja kumwambia kiko kinyume, ili iwe nini? Mabati yake hayajawahi kuvuja. Nikauokota mkasi, nikaupangusa, nikautia kwenye mkoba na kitambaa changu.

"Unaupeleka wapi?"

"Unakorudishwa ulevi."

Gusa Ununue aliponiona na mkoba, alinyoosha kidole kwenye kibao chake kabla hata sijaamkia. Kibao kinasema mali ikitoka hairudi.

"Sirudishi, baba. Nabadilisha rangi tu. Huu uchukue, nipe wa kijani."

"Umeshatumika."

"Umekata sikio moja."

"Mama, kibao hujakiona?"

"Nimekiona. Kimeandikwa vizuri. Naomba nikae hapo kidogo, miguu."

Kwenye mlango wa duka kuna benchi. Nikakaa. Sikununa, sikupaza sauti, nimelelewa. Akaja mtu kununua gundi, nikamwamkia. Akaniuliza, mama, unangoja nini? Nikamwambia namngoja huyu baba anibadilishie mkasi. Akauliza una nini? Nikasema hauna kitu, ni mzuri, unakwenda kushoto tu na mzee wangu anakwenda kulia. Akamtazama Gusa Ununue, akatoka. Akaja mwingine wa rangi za ukuta, naye akaniuliza, naye nikamwambia vilevile, sikuongeza wala kupunguza. Akaja mwalimu wa shule ya karibu kununua kufuli. Yeye akataka aelezwe vizuri kwa nini mkasi uende upande mmoja, na Gusa Ununue ikabidi autoe wa kijani aeleze, na akiwa anaeleza akajikuta anausifu, kwamba ni chuma kilekile, nguvu ileile.

"Sasa si umpe?" mwalimu akamwambia.

"Mama huyu atakaa mpaka lini?" akaniuliza Gusa Ununue, lakini alikuwa anaongea na dari.

"Leo sina haraka," nikasema. "Na kesho nitakuja na wifi yangu anisaidie kungoja."

Alikumbuka kitambaa, nadhani. Akautungua wa kijani, akaupuliza vumbi, akaniwekea kwenye kiganja yeye mwenyewe.

Nilipofika nyumbani mzee wangu alikuwa amesimama mbele ya zile alama zake za mkaa, anapima kwa shubiri mahali pa kuweka meko. Nikaona hatari iko karibu. Sikutafuna bati tena. Ujanja mmoja haufui dafu mara mbili kwa mtu huyohuyo. Nikauweka mkasi mezani, pembeni ya lile sikio, nikawasha moto nikaanza kumenya vitunguu.

Akauona. Akauzunguka.

"Sasa umeubadilisha rangi."

"Mwekundu haukupendeza."

"Rangi haikati bati."

"Ndivyo ninavyodhani na mimi."

"Nikuonyeshe kwamba ni uleule?"

"Kama una nafasi."

Akachukua bati lililobaki, akachora duara jingine. Nikaendelea na vitunguu vyangu, nikapata sababu ya kufuta macho. Nikasikia mkasi unaanza. Krr, krr. Mwanzoni polepole, kwa dharau. Halafu sauti ikabadilika, ikawa inakwenda bila kusita, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Nikageuza shingo kidogo tu. Alikuwa ametoa ulimi pembeni ya mdomo, anakwenda kulia, bati linajizungusha lenyewe mkononi, na kale kakipande ka nje kanajikunja kanaanguka kama ganda la chungwa. Akazunguka lote. Duara likadondoka sakafuni, likazunguka likilia, likalala.

Akaufungua mkasi, akaufunga. Akautazama kwa chini.

"Huu mbovu," akasema.

"Una nini?"

"Nimekata duara zima, sijasikia kitu."

"Kitu gani?"

Akautazama mkono wake, kidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimeshamaliza vitunguu, lakini nikaendelea kukata ubao.

"Maumivu," akasema. Kwa sauti ndogo.

Tangu mkono uanze kumsumbua, ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwake. Nilitaka kwenda kumshika. Nikaona nikimshika atalirudisha ndani. Nikasema tu, "Basi kama ni mbovu nitaurudisha."

"Ngoja." Akauweka mfukoni. Ukachungulia. "Usirudishe kitu hujakijaribu kwenye bati nene. Kule karakana lipo moja."

Akatoka. Hakuchukua hata kofia yake ya kichwani.

Sikumfuata. Nilingoja chai ichemke, nikaimimina kwenye chupa, nikapitia mlango wa nyuma kama kawaida yangu. Bati la mwoka mikate lilikuwa mezani, duara limeshatoka, ameshalitoa kipande, anagonga mkunjo kwa nyundo ya mti. Wifi alikuwa ameacha cherehani, amesimama mlangoni kwake ng'ambo, mikono kiunoni.

"Kaka, umefufuka?"

"Kwani nilikufa?"

"Tulikuwa tunagawana nguo zako."

"Hazikutoshi, mnene wewe."

Nilimimina chai kikombeni, nikaiweka mezani. Akakinyakua kikombe kwa mkono mmoja, wa kulia, akanywa, akakirudisha, akaendelea kugonga. Sijui kama aliona. Mimi niliona.

Kitu kimoja kilimsumbua. Mkasi ule una vijino vidogo mdomoni, unaacha alama kwenye ukingo wa bati, kama mtu aliyeuma biskuti kwa meno ya mbele. Mzee wangu maisha yake yote ukingo wake unateleza kama sahani. Alikaa na tupa akazisugua alama zile zote, moja baada ya nyingine, ili mtaa usijue ametumia mkasi wa watu waliochoka. Kazi ya kuficha ilichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Kofia ikapanda juu ya bomba. Mvua zikaanza, tanuri halikuzimika, na mwoka mikate akaleta mkate mkubwa mpaka karakana, bado wa moto, akasema, "Mzee, nasikia mkono ulikuwa unakusumbua."

"Nani kasema? Mkono haujawahi kuwa na neno. Nilikuwa naupumzisha mkasi."

Wifi alinitazama, mimi nikatazama mkate. Mpaka leo wifi anasema ule mwekundu ulikuwa mbovu tangu kiwandani, na kwamba kaka yake anakwenda kushoto, amemwona kwa macho yake. Nimemwambia siku moja aje akae nyuma, upande wangu, atazame. Anasema hawezi kuacha wateja kwa ajili ya mgongo.

Ule mkasi mweusi wa mwalimu wake ameuleta nyumbani, akaupaka mafuta, akautundika jikoni, mahali pake kabisa, baada ya sufuria ya tatu na kabla ya ya nne. Hapo sikuugusa. Ila sufuria zangu nilitaka nizirudishe kwenye rafu yangu, kama zamani, na kigoda bado kiko kwenye kona, hakina miguu, kimelala kama kobe.

Asubuhi moja, ameshavaa, shati la vifungo, ananyoosha mkono kuchukua mkoba wake wa kazi, nikamwambia, "Mzee, nitengenezee kigoda changu kabla hujatoka. Na tundu la paka bado liko wazi."

"Leo siwezi, mke wangu. Nina ndoo za watu, nina mifereji ya shule, nina kazi mpaka hapa." Akaonyesha shingoni. "Hata jikoni kwako sina nafasi ya kuingia."

Nikamwambia aende salama. Alipokata kona nikageuza ndoo juu chini, nikapanda, nikaanza kushusha sufuria.